Kisa Kimoja na Mashahidi Wake

Katika kabati langu la vitabu kuna rafu ya chini ambayo wageni hawaigusi. Humo nimeweka ripoti za huduma za afya nilizokusanya kwa miaka mingi ya kazi. Baadhi zina majalada ya rangi na picha za akina mama wakitabasamu. Nyingine ni kurasa chache zilizobanwa kwa pini ambazo sasa zimeota kutu. Karibu nusu yake ni za aina moja, ile ambayo wasomi wetu huiita uchunguzi kifani. Mtafiti huchukua mahali pamoja, pengine zahanati moja au wilaya moja, akapachunguza kwa undani, kisha akawaeleza watu wa mahali pengine yale aliyojifunza pale.

Sisemi kwamba utafiti wa namna hii hauna maana. Takwimu za nchi nzima zitakuambia ni akina mama wangapi katika kila mia hujifungulia kituoni. Hazitakuambia kwa nini mama wa kijiji fulani huipita zahanati iliyo jirani na mlango wake akaenda kwa mkunga wa jadi. Ukitaka kulijua hilo sharti uende ukakae, uulize, usikilize, ufungue madaftari, na urudi tena kesho yake kuuliza swali ambalo jana hukulifikiria. Wapo mabwana wa takwimu wanaoidharau kazi hiyo na kusema kwamba hizo ni hadithi tu. Mimi siko upande wao. Lakini lazima nikiri kwamba ripoti nyingi zilizo katika rafu yangu zimewapa mabwana hao silaha, na moja ya ripoti hizo niliiandika mimi mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa kijana, nimeajiriwa kama msaidizi wa utafiti, na tulitumwa kwenye kituo kimoja cha afya ambacho jina lake nitalistiri. Wauguzi wa kituo hicho walikuwa wamepewa mafunzo ya kuwahudumia wajawazito na kuzalisha. Kazi yangu ilikuwa kueleza mafunzo yale yameleta nini. Nilikaa siku nne. Nilizungumza na mganga mfawidhi, wauguzi wawili na mwenyekiti wa kijiji. Nililifungua daftari la wazazi nikahesabu kwa kidole, mstari kwa mstari, nikakuta kwamba waliojifungulia pale walikuwa karibu mara mbili ya wale wa mwaka uliotangulia. Nilifurahi kama mvuvi aliyevuta wavu akauona ni mzito. Nikaandika kwamba mafunzo yamezaa matunda na kwamba yafaa yaenezwe wilaya nzima. Ripoti ikasifiwa, nami nikaongezewa mkataba.

Miaka miwili baadaye nilipita njia ile kwa shughuli nyingine. Nikamtembelea muuguzi mkunga mmoja wa kituo kile, mama wa makamo, ambaye siku zile za utafiti alikuwa likizo. Nilimsimulia habari ya ripoti yangu kwa majivuno kidogo. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akichambua mchele, kisha akaniuliza:

"Mwanangu, ng'ambo ya mto ulifika?"

"La, mama, sikufika."

"Ungefika ungeikuta zahanati yao haina mkunga. Alihamishwa mwaka ule ule. Hao uliowahesabu huku, wengi ni wa kule. Na hao ni wale waliovuka. Mto ukijaa hauvukiki."

Nilimwuliza kwa nini hakuna aliyeniambia. Akajibu kwa upole kwamba niliowauliza waliulizwa habari za mafunzo, nao wakajibu habari za mafunzo. Baadaye nilipata kujua jambo lililoniuma zaidi. Ripoti yangu ilikuwa imesomwa katika kikao fulani kama ushahidi kwamba sehemu ile inahudumiwa vizuri, na ombi la kupeleka mkunga mwingine ng'ambo ya mto likawekwa kando. Mama yule alinitajia mzazi mmoja aliyejifungulia ukingoni mwa mto usiku wa mvua. Mtoto hakupona. Hakunitupia lawama, wala hakuwa na haja ya kufanya hivyo.

Tangu siku hiyo husoma ripoti za wenzangu kwa jicho la mtu aliyekwisha kukosa, na makosa ninayoyaona ni yale yale niliyoyafanya. La kwanza ni namna kisa kinavyochaguliwa. Aghalabu mahali huchaguliwa kwa sababu barabara inapitika, au mganga wa pale ni mcheshi, au mfadhili anataka kuonyeshwa fedha yake ilikokwenda. Hizo zaweza kuwa sababu za kweli, lakini ripoti haizitaji. Msomaji huambiwa tu kwamba kituo "kilichaguliwa", kana kwamba kilijichagua chenyewe. La pili ni mashahidi. Mtafiti huzungumza na wakubwa, na wakubwa humwambia yale wanayotaka yaandikwe. La tatu, ambalo ndilo kubwa kuliko yote, ni kutotafuta maelezo mengine. Idadi imepanda baada ya mafunzo, basi mafunzo ndiyo yaliyoipandisha. Jogoo amewika na jua limechomoza. Je, ni jogoo aliyelichomoza? La nne ni haraka ya kutoka kwenye mahali pamoja kwenda kila mahali. Kurasa arobaini huzungumzia kituo kimoja, na ukurasa wa arobaini na moja unaiagiza Wizara.

Msomaji ataniuliza: je, upo uchunguzi wa mahali pamoja ulioepuka makosa hayo? Upo, na ni wa zamani. Mwishoni mwa Agosti mwaka 1854 kipindupindu kililipuka katika mtaa wa Soho jijini London, na katika siku kumi hivi watu zaidi ya 500 walikufa katika eneo dogo. Daktari John Snow aliamini kwamba ugonjwa ule huenezwa kwa maji, wakati wenzake wengi waliamini kwamba huenezwa na hewa chafu. Kisa hiki husimuliwa mara nyingi, lakini husimuliwa vibaya. Tunaambiwa kwamba Snow alichora ramani, akakiona kisima cha pampu cha Broad Street, mpini ukaondolewa, maradhi yakakoma. Kwa simulizi hiyo Snow ni sawasawa na mimi na daftari langu la wazazi.

Alichofanya hasa ni tofauti. Aliomba orodha ya vifo kwenye ofisi ya serikali ya usajili, akachukua vifo 83 vya siku tatu za mwanzo wa mlipuko, akaenda nyumba kwa nyumba. Aliona kwamba karibu vyote vilikuwa jirani na kisima kile, ila vifo kumi vilikuwa vya watu walioishi karibu na visima vingine. Mtafiti mvivu angeviacha vifo hivyo kumi, maana vinaharibu hesabu. Snow alivifuata. Jamaa za watano walimwambia kwamba wao siku zote huagiza maji ya Broad Street kwa kuwa wanayapenda zaidi, na watatu wengine walikuwa watoto waliosoma shule iliyo karibu na kisima hicho.

Kisha akageuka upande wa pili, akawatafuta watu waliopaswa kufa na hawakufa. Jirani na kisima palikuwa na nyumba ya maskini yenye watu 535, na waliokufa kwa kipindupindu humo walikuwa watano tu. Kumbe ilikuwa na kisima chake yenyewe. Palikuwa na kiwanda cha pombe chenye wafanyakazi zaidi ya 70, na hakuna hata mmoja aliyekufa kwa ugonjwa huo. Walikunywa pombe ya kazini, na kiwanda kilikuwa na kisima chake. Mwisho alimpata mjane mmoja aliyekufa Hampstead, mbali kabisa na Soho, ambako hapakuwa na ugonjwa. Mjane yule alikuwa akiletewa maji ya Broad Street kwa mkokoteni kwa sababu aliyapenda ladha yake. Kama hewa ndiyo iliyoua, ilimfikiaje yeye peke yake?

Hata hivyo sifa kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ile inayosahauliwa. Mpini wa pampu uliondolewa tarehe 8 Septemba. Snow mwenyewe alipochapisha maelezo yake mwaka 1855 alieleza kwamba wakati huo maradhi yalikuwa yamekwisha kupungua sana, kwa kuwa watu wengi walikuwa wameukimbia mtaa, na kwamba haiwezekani kukata shauri kama kuondolewa kwa mpini ndiko kulikoyakomesha. Mtu anayeandika hivyo dhidi ya faida yake mwenyewe anastahili kuaminiwa katika mengine. Aidha, kisa chake kilipata shahidi asiyetazamiwa. Kasisi kijana wa mtaa ule, Henry Whitehead, hakukubaliana naye, akaanza kuchunguza ili amkanushe. Uchunguzi wake ndio uliomfikisha kwenye nyumba nambari 40, ambamo nepi za mtoto mgonjwa zilifuliwa na maji yake kumwagwa katika shimo la maji machafu lililokuwa karibu na kisima. Mpinzani akageuka kuwa shahidi.

Nikirudi nyumbani, nina kitabu kingine ambacho nimekisoma mara tatu, na kila mara nimekiheshimu na kubishana nacho. Kinaitwa Fixing Health Systems, kilitolewa mwaka 2004, na waandishi wake ni Don de Savigny, Harun Kasale, Conrad Mbuya na Graham Reid. Kinaeleza mradi wa TEHIP, ambao Wizara ya Afya ya Tanzania iliuendesha pamoja na shirika la utafiti la Kanada, IDRC, katika wilaya mbili, Rufiji na Morogoro Vijijini. Swali la mradi lilikuwa zuri: je, wilaya ikiujua mzigo halisi wa maradhi ya watu wake, na ikapanga fedha yake kwa kuufuata mzigo huo, afya itakuwa bora? Vifo vilihesabiwa kaya kwa kaya. Timu za wilaya zikapewa michoro rahisi ya kuzionyesha fedha zinakokwenda na maradhi yanakoua. Hapo ikaonekana wazi kwamba malaria ilikuwa ikichukua sehemu kubwa ya maisha na sehemu ndogo ya bajeti. Bajeti zikabadilishwa.

Sijasoma maelezo mengine ya wilaya zetu yanayoonyesha vizuri hivi namna uamuzi unavyofanyika. Ofisi imo, redio ya mawasiliano imo, na wanakijiji wanaokarabati zahanati yao kwa mikono yao wamo. Mtu wa wilaya nyingine akikisoma ataelewa aanzie wapi. Hiyo ndiyo kazi ya uchunguzi kifani, na hapo kitabu kimeifanya barabara.

Ubishi wangu uko kwenye tarakimu moja ambayo nimeisikia ikirudiwa mikutanoni mpaka ikawa kama methali: kwamba vifo vya watoto katika wilaya hizo mbili vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40 katika miaka mitano. Sina shaka na hesabu hiyo. Shaka yangu ni juu ya neno "kwa sababu" linalofungwa mkiani mwake. Katika miaka hiyo hiyo mengi yalibadilika nchini. Vyandarua vyenye dawa vilianza kuenea, watoto walipewa matone ya vitamini A, na mwaka 2001 nchi iliacha klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria ikaingiza SP. Uchunguzi wa kitaifa ulionyesha kwamba vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilikuwa 147 katika kila 1,000 mwaka 1999, na vilikuwa vimeshuka hadi 112 katika uchunguzi wa mwaka 2004-05. Maana yake ni kwamba nchi nzima ilikuwa ikishuka kilima kwa karibu robo, na wale ambao hawakuwahi kuisikia TEHIP wakiwamo. Mtu anayezitazama Rufiji na Morogoro peke yake hawezi kujua ni hatua ngapi zilikuwa za wilaya zenyewe na ngapi zilikuwa za kilima.

Bahati njema mto huu ulivukwa. Mwaka huo huo wa 2004, Joanna Armstrong Schellenberg na wenzake walichapisha katika jarida la The Lancet uchunguzi wa mpango wa kutibu watoto wagonjwa kwa pamoja, ule unaojulikana kama IMCI, katika wilaya zile zile mbili. Wao waliziweka kando yake wilaya jirani za Kilombero na Ulanga, ambazo wakati huo hazikuwa na mpango huo. Walikuta kwamba katika kipindi cha miaka miwili vifo vya watoto vilikuwa chini kwa asilimia 13 katika wilaya zenye mpango. Walijiuliza kama huenda ni vyandarua vilivyofanya kazi hiyo. Wakakuta kwamba hali ya vyandarua ilizipendelea zaidi Kilombero na Ulanga, kwa hiyo maelezo hayo yakaanguka. Na walichapisha wazi kwamba, kwa njia moja ya kukokotoa, tofauti hiyo yaweza hata kuwa ya bahati tu.

Tazama basi, msomaji. Asilimia 40 inapendeza kuliko asilimia 13. Hazipimi kitu kimoja, na sisemi kwamba moja inaikanusha nyingine. Lakini ukiniuliza ni ipi ningeijengea bajeti, nitachukua ile ndogo, kwa sababu imesimama mbele ya maswali ikayajibu. Kisha nitarudi kwenye kitabu cha de Savigny na wenzake ili nijue namna ya kufanya, maana tofauti ya asilimia 13 haimfundishi mganga wa wilaya aanzie wapi Jumatatu asubuhi. Kazi mbili hizi zinahitajiana. Kosa la wasomaji wake, mimi nikiwamo, lilikuwa kukichukua kisa kinachoeleza njia tukakifanya ndicho kinachopima mwendo.

Mmarekani Robert Yin, ambaye kitabu chake cha mwaka 1984 juu ya uchunguzi kifani kimesomwa na vizazi viwili vya watafiti, aliandika makala mwaka 1999 juu ya kuboresha kazi za aina hii katika huduma za afya. Katika maandishi yake anadai mambo ambayo bibi zetu wangeyaita busara ya kawaida: usimtegemee shahidi mmoja, yatafute na kuyapima maelezo yanayopingana na lako, tunza kumbukumbu ili mtu mwingine aweze kuufuata ushahidi kutoka kwenye hitimisho mpaka kwenye daftari, wape watu waliokupa habari nafasi ya kusoma ulichoandika. Anasema pia kwamba kisa kimoja hakiwezi kuwakilisha vituo vyote kama vile kijiko kimoja kinavyowakilisha chungu cha mchuzi. Kinachosafiri kutoka kwenye kisa ni hoja, nayo hupimwa upya kila inakofika.

Wapo wanaosema kwamba masharti haya ni ya matajiri, na kwamba mtafiti wetu mwenye siku nne na nauli ya kwenda na kurudi hawezi kuyatimiza. Nimelifikiri sana jambo hili, na naona udhuru huo hautoshi. Snow hakuwa na gari wala kompyuta. Alikuwa na viatu na orodha. Kuvuka mto kungenigharimu asubuhi moja. Kuuliza "nani hayupo hapa leo ambaye ningepaswa kumsikia?" kungenigharimu sentensi moja, na pengine ningeelekezwa kwa mama yule nyumbani kwake. Kuusoma muhtasari wangu mbele ya wauguzi kabla ya kuondoka kungenigharimu saa moja, na nina hakika kwamba mmoja wao angesema habari za zahanati ya jirani. Tulichokosa hakikuwa fedha. Tulitaka habari njema, na tulipoipata tukaacha kutafuta.

Nawaomba pia wanaozilipia ripoti hizi. Mfadhili anayetaka kila kisa kiwe cha ushindi hununua uongo kwa bei ya ukweli, hata kama kila neno la ripoti ni sahihi. Neno langu lolote katika ripoti yangu halikuwa la uongo. Wauguzi walifundishwa kweli, na wazazi waliongezeka kweli.

Mwaka mmoja baada ya kustaafu nilirudi kule nikiwa na nakala ya ripoti ile. Mama yule amekuwa bibi sasa, macho yake yamepungua nguvu. Nilimsomea ukurasa kwa ukurasa, kama nilivyopaswa kufanya zamani. Alinikatiza mara kumi na moja. Mahali pengine jina la kitongoji lilikuwa limekosewa; mahali pengine nilikuwa nimewasifu watu kwa kazi ya mtu mwingine. Kila aliponisahihisha niliandika pembeni kwa kalamu nyekundu. Tulipomaliza aliuliza kama sasa itachapishwa tena. Nikamwambia la, mama, muda wake umepita. Akanyamaza kidogo, kisha akasema niitunze hivyo hivyo, ili vijana wanaokuja wauone wino mwekundu.

Nimeiweka pale pale, rafu ya chini. Kijana yeyote anayejiandaa kwenda kuandika kisa chake cha kwanza anakaribishwa kuja kuitazama.